Rupia Inayovuta Sindano: Jumamosi Moja Mnadani Msalato

Mzee alitoa kifundo cha kitambaa cheusi kwenye mfuko wa ndani wa koti, akakifungua taratibu, akalaza sindano ya kushonea kwenye kiganja cha kushoto. Kwa mkono wa kulia akaishusha sarafu juu yake. Ilipobaki nafasi nyembamba kama ukucha, sindano iliruka ikanata.

"Mmeona wanangu? Hii ndiyo rupia ya Mjerumani yenyewe. Ina nguvu. Milioni tatu, na hapo nimewapunguzia kwa sababu mmenisalimia vizuri."

Watu sita saba walikuwa wameshatuzunguka. Sarafu hiyo ilitula saa mbili na nusu, kwa hiyo mengine ya siku hiyo nitayapitia mbiombio.

Nilitoka Tabora kumtembelea rafiki yangu anayeishi Dodoma, Area C. Yeye anapiga picha, mimi natafuta sarafu na vyombo vya zamani. Mnada wa Msalato huwa kila Jumamosi, kaskazini mwa mji, kwenye barabara ya Kondoa. Bajaji ya kwanza ilitutajia 20,000, bei ya kumkamua mgeni, tukaiacha tukapanda daladala. Nyama choma ya mbuzi ni tamu kweli, ila uliza bei ya kilo kabla kisu hakijagusa nyama na usimame hapo hapo inapopimwa. Sisi tuliuliza baada, tukalipa zaidi ya waliokaa meza ya pili. Choo ni cha kulipia na maji hakuna, beba yako.

Ukitaka picha nzuri na vitu vizuri, fika kabla ya saa tatu asubuhi. Dodoma ipo nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta. Kuanzia saa nne jua limepanda, kofia na vilemba vinatupa kivuli kizito machoni, na uso wa mtu unaingia kwenye picha bila macho. Udongo mwekundu nao unarudisha mwanga kutoka chini, kidevu kinakuwa rangi ya tofali. Dawa yake ni kumwomba mtu asogee ukingoni mwa kivuli cha turubai au cha mti, ageuze uso kule kwenye uwazi, kisha upime mwanga kwenye ngozi ya shavu lake. Ukipima mbingu, uso unakuwa mweusi tii hata kama kamera ni ya mamilioni. Lenzi usibadilishe mnadani. Mwezi wa nane upepo unabeba vumbi laini kama unga, na likiingia ndani ya kamera utalikuta kwenye kila picha kama madoa angani. Rafiki yangu alifunga lenzi moja ya milimita 50 nyumbani na hakuigusa mpaka jioni. Vumbi la kioo cha mbele aliliondoa kwa pampu ndogo ya mpira, si kwa kitambaa, maana chembe za mchanga zikisuguliwa zinakwaruza.

Na hakuna picha kabla ya salamu. "Mbukwenyi" moja tu, salamu ya Kigogo, inafungua nyuso ambazo lenzi peke yake ingezifunga.

Vitu vya zamani havikupangwa mahali pamoja. Ukiuliza "antiki" watakuonyesha vinyago vipya vilivyopakwa kiwi. Uliza vyombo vya wazee, na uulize kwa akina mama wa vibuyu na kwa wahunzi, huko nyuma ya mitumba. Kwa njia hiyo tuliona vigoda viwili vya kuchongwa kwa gogo moja. Kimoja kilikuwa cheusi sawasawa juu hadi chini, na hiyo ni dalili mbaya: kigoda kilichokaliwa kweli kinang'aa pale makalio yanapokaa na pale mkono unapokamata kukibeba, huku chini ya kiti mti umebaki mkavu na alama za tezo zinaonekana. Pamba yenye spiriti ikipitishwa mahali pa siri hutoka nyeusi kama rangi ni ya kupakwa. Cha pili kilikuwa cha kweli, lakini kilimwaga unga laini wa mbao kila kilipogongwa, maana yake fukusi bado wamo. Anayekichukua kigoda cha namna hiyo akifunge ndani ya mfuko wa plastiki, atoe hewa, akiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, la sivyo wadudu watahamia kwenye kitanda chake.

Tuliona na ilimba, ile marimba ya Kigogo ambayo marehemu Hukwe Zawose aliifikisha mbali duniani. Vyuma vyake vilikuwa vizima. Kilichokosekana ni utando. Kwenye matundu ya sanduku lake hubandikwa utando mweupe wa buibui, na huo ndio unaotoa ule mvumo wa kuzizima baada ya kila sauti. Bila utando ilimba inalia kavu. Muuzaji alijua, akasema utando unabandikwa na mpigaji mwenyewe, usinunue uliobandikwa na mchuuzi. Nilimpenda kwa neno hilo.

Hapo ndipo yule mzee aliponishika bega.

Habari za rupia kwetu zimechanganyika na ndoto za mali za Mjerumani. Watu wanaamini rupia inavuta vitu na kwamba kuna tajiri mahali fulani anayeilipa mamilioni. Rupia halisi ya Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, ni sarafu ya madini ya fedha, asilimia 91.7, uzito gramu 11.66, upana milimita 30 na ushee, ukingo wake una meno. Zile za mwanzo, za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zina simba na mnazi upande mmoja; zote zina kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili. Fedha haivuti sindano. Fedha haivutwi na sumaku wala haivuti kitu chochote. Kwa hiyo onyesho lile alilokuwa akijivunia mzee wangu ndilo lililokuwa linamsuta.

Sikumwambia pale mbele za watu. Rafiki yangu alielewa, akageukia mbuzi na wachuuzi wao, akaanza kupiga picha kwa mbwembwe mpaka kundi likamfuata. Sisi wawili tukaketi nyuma ya karai la mhunzi, nikamwomba mzee ruhusa ya kupima.

Mizani ninayobeba ni ndogo ya sonara, inasoma hadi gramu 0.01. Upepo unaiyumbisha, kwa hiyo niliifunika kwa boksi la kandambili lililokatwa upande mmoja. Juani nayo inapotoka: ilianza kusoma gramu 0.08 pasipo kitu juu yake, tukaisogeza kivulini, tukangoja dakika tano, nikaihakiki kwa jiwe lake la gramu 50. Sarafu ilikuja gramu 9.20. Rupia iliyotumika sana inaweza kupungua kidogo kwa kuchakaa, lakini si gramu mbili na nusu, tena kichwa cha Kaisari kikiwa bado kimenona.

Kisha maji. Unaweka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya mizani, unairudisha sifuri, halafu unaning'iniza sarafu kwa uzi wa cherehani mpaka izame yote bila kugusa chini wala ukingo. Viputo vikinata, itikise, maana kila kiputo kinadanganya. Namba inayosomeka ni uzito wa maji yaliyosogezwa. Unagawa uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Rupia ya fedha ingesoma karibu 1.13, ukigawa unapata kumi na kitu. Yetu ilisoma 1.17. Tisa nukta mbili kwa moja nukta kumi na saba ni 7.86, na hicho ni chuma. Nilimwonyesha ukingoni, kwa kioo cha kukuzia, mahali weupe ulipobanduka na kutu nyekundu ikachungulia. Mtu alikuwa amekisugua chuma hicho kwa sumaku kali, basi.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema aliitoa kwa mtamba. Mtu mgeni alikuja kijijini misimu miwili iliyopita, akaonyesha sindano ile ile, akaondoka na ng'ombe. Mzee alikuwa ameitunza kwa ajili ya ada ya mjukuu.

Nilitamani mizani iwe imekosea. Nikapima tena, ikarudi pale pale.

"Basi na haya takataka uyaone," akasema, akakung'uta kifundo chote juu ya kitambaa. Zilidondoka senti tano mbili za samaki, zile za 1966, na senti kumi ya tundu ya Afrika Mashariki. Ile ya tundu niliigeuza: EDWARDVS VIII, 1936. Huyo ni mfalme aliyeuachia ufalme kabla ya kuvishwa taji, hakumaliza hata mwaka, lakini jina lake lilizunguka mifukoni mwa babu zetu kwa miaka mingi. Si adimu, ila naipenda sana. Na mwisho kabisa ikaanguka duara nene nyeusi, haina mviringo kamili, kama iliyokatwa kwa haraka. Mzee alidhani ni kifungo cha koti la askari.

Niliitema mate kidogo, nikaifuta kwa kidole. Taji. D.O.A., kifupi cha Deutsch-Ostafrika. 1916. Na chini, herufi moja: T.

T ni Tabora.

Vita ya Kwanza ilipowafungia Wajerumani bahari, sarafu kutoka Ulaya hazikufika tena. Wakaanza kujipigia wenyewe katika karakana ya reli Tabora, mwaka 1916: heller 5 na heller 20 za shaba (heller ilikuwa sehemu ya mia ya rupia), na vipande vya dhahabu vya rupia 15 vyenye tembo, kwa dhahabu ya Sekenke, huko Iramba, Singida. Mihuri ya chuma ilichakaa upesi ikatengenezwa mingine, ndiyo maana heller 20 hazifanani: nyingine zina taji kubwa, nyingine dogo, na ukitazama neno HELLER upande wa pili, ncha za herufi L wakati mwingine zimejikunja, wakati mwingine zimechongoka. Ya mzee ilikuwa ya taji dogo, na L zote mbili zimejikunja. Kazi hiyo haikudumu, kwa sababu Septemba 19 mwaka huo huo Wabelgiji waliingia Tabora. Na neno hela tunalolitumia kila siku limetokana na heller hiyo hiyo.

Nilimweleza mzee yote hayo, na bei pia. Rupia ya kweli, ya kawaida, iliyochakaa, mara nyingi haifiki hata laki mbili. Anayetaja milioni anatafuta mtamba mwingine. Heller yake kwa hali ile ni ya makumi ya maelfu. Nilimpa 40,000 kwa heller na 5,000 kwa ile ya tundu. Zile za samaki nilimrudishia amwonyeshe mjukuu. Alitaka kuisugua heller kwa jivu na limao kabla hajanikabidhi, iwe safi. Nikamzuia kwa mikono miwili. Ule weusi ndio ngozi ya sarafu. Ukiuondoa haurudi, na thamani inaondoka nao.

Kwa wanaouliza sheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvitoa vitu vya kale nje ya nchi kunahitaji kibali. Kipande cha chungu kutoka shambani au kitu kilichofukuliwa, kiache mahali pake na utoe taarifa.

Rafiki yangu aliporudi tulipiga picha mbili. Ya kwanza ni sarafu kwenye kitambaa kile kile cheusi. Mwanga wa juu moja kwa moja unafuta maandishi, kwa hiyo tulilaza boksi liwe ukuta, jua likapenya kwa upande mmoja tu, chini chini, na herufi zikasimama kwa vivuli vyao. Kipenyo f/8, ISO 100, kamera imelazwa juu ya mfuko wa mchele ili isitikisike. Ya pili ni mzee, ukingoni mwa kivuli, kiganja kimefunguliwa na heller ndani yake. Aliulizwa kama anakubali, akakubali, akafunga vifungo vya koti kwanza. Jina lake na la kijiji chake tumeyaandika kwenye daftari pamoja na tarehe, kwa sababu sarafu isiyojulikana ilitoka kwa nani imepoteza nusu yake. Hapa siyataji.

Kwenye basi la kurudi nilikuwa na heller mkononi tangu Manyoni. Nimekulia Tabora. Nimepita pale stesheni kwenda shule na kwenda sokoni, chini ya miembe, sijui mara ngapi. Tulifundishwa njia za misafara, tulifundishwa Mirambo, na hakuna hata mmoja aliyetuambia kwamba hela zilipigwa hapo hapo relini. Sarafu hii ilitoka kwetu, ikapita mikono ya watu wangapi sijui, ikaja kulala Ugogoni kwenye kifundo kimoja na chuma cha tapeli, na yule aliyeitunza akidhani ni kifungo.

Picha ya mzee tumeisafisha nakala mbili, saizi ya kati, 2,000 kila moja. Moja amekabidhiwa yule mama wa vibuyu, anayetoka njia moja na mzee, aifikishe Jumamosi.