Kutoka Busia Kwenda Kuitafuta Norman

Mjomba alikikataa kiti cha dirishani. "Hicho mpe asiyeijua njia," akasema, akakaa upande wa kupitia watu, fimbo katikati ya magoti. Ilikuwa Agosti 2019, alfajiri, kwenye stendi ya Busia upande wa Uganda. Teksi yetu (ng'ambo ya pili ya mpaka wanaiita matatu) ilikuwa bado na viti vitatu vitupu, na dereva alikuwa ameapa hataondoka mpaka vijae.

Safari yenyewe ilikuwa ya macho. Mjomba alikuwa na mtoto wa jicho, na daktari mmoja Kampala alikubali kumwona siku ya pili yake. Ila mzee alikuwa na lake. Usiku wa kuamkia safari aliniita uani akaniambia: "Mpwa wangu, kabla hawajanigusa macho, nipeleke kwanza Norman."

Mimi Norman, jumba la sinema la Kampala, niliingia mara moja tu, nikiwa na miaka sita, na nikalala. Ninachokijua cha sinema za Kampala nilikipata mdomoni mwake. Miaka ya sitini alikuwa karani wa mizigo stesheni ya Kampala, na sote tuliishi kota za reli, Nsambya. Pale kulikuwa na Wajaluo, Wakamba, Wasamia kama sisi, Waganda, na watu wa Tabora, na lugha iliyotuunganisha bombani na jikoni ilikuwa Kiswahili. Kihindi Mjomba alikiokota ofisini, kwa makarani wenzake Wahindi na Wagoa, watu wa Goa kule India. Kila Jumapili alikuwa akienda sinema, na Jumatatu jioni watoto wote wa kota tulikuwa chini ya mwembe tukimsubiri atuletee picha.

Alikuwa anatuletea yote. Ngumi alizipiga yeye, farasi alikuwa yeye, na mama wa stelingi anapolia, alilia yeye. Nyimbo za Kihindi ziliposhika, aliziimba beti mbili, kisha akatufasiria: "Hapa anamwambia, hata baba yako akinifukuza, nitarudi na mvua." Kama ndivyo ulivyosema wimbo, au Mjomba aliutia chumvi, sisi tungejuaje?

Barabara ya Busia hadi Kampala ni kama kilomita mia mbili. Bugiri na Iganga tulizipita watu wakisinzia. Kakira tukaona miwa imejaa pande zote, mashamba ya kina Madhvani, na mzee akaamka kama aliyeitwa. Jinja dereva alishusha abiria wawili katikati ya mji, kwa hiyo tukaziona zile nyumba za maduka za zamani za Wahindi, zenye majina ya wenyewe na miaka ya ujenzi juu kabisa ukutani. Huwezi kuzungumza sinema za Uganda bila kuwazungumza hawa walioyaandika majina yao kwenye saruji. Ndio waliojenga majumba, ndio walioleta picha, na Agosti 1972 Idi Amin akawapa siku tisini wawe wametoka.

Mto Nile tuliuvuka juu ya daraja jipya, lile la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018. Mjomba hakulipenda. Alitaka njia ya zamani, ile ya juu ya bwawa la Owen Falls la mwaka 1954. "Hili zuri," alisema, "lakini linakupitisha haraka."

Katikati ya msitu wa Mabira, pale Najjembe, vijana walituvamia madirishani na mishikaki ya kuku na gonja, ndizi za kuchoma. Tukanunua. Mzee akala gonja mbili bila kusema neno, na ikabidi niamini kwamba ameifurahia safari.

Kampala tuliingia saa saba, foleni ikatushika tangu Bweyogerere. Tulipofika mjini nikakodi bodaboda mbili. (Neno lenyewe ni letu watu wa mpakani. Baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kutoka boda hadi boda ndizo zilizolizaa.) Nikawaambia vijana, Buganda Road, Norman. Wakatazamana. Nikasema, kanisa la Watoto. "Ah! Watoto!" wakawasha pikipiki.

Norman ilijengwa na Norman Godinho, Mgoa aliyekuwa tajiri wa mji enzi za Waingereza. Shule iliyokuwa na jina lake ndiyo leo Buganda Road Primary School. Jumba lake la sinema likawa kanisa, ambalo lilianzishwa mwaka 1984 likiitwa Kampala Pentecostal Church kabla ya kuitwa Watoto. Tulipofika, kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi ndani, ngoma na gitaa vikisikika hadi barabarani. Mlinzi, kijana mpole, alituuliza kama tumekuja kwa maombi. Mjomba akamjibu kwa Kiswahili: "Hapana, baba. Mimi nilikuwa nakaa humu, mstari wa mbele." Mlinzi akacheka, hakuelewa, akamletea kiti.

Akakaa kwenye kile kiti, akalitazama jumba kwa macho yake ya ukungu. Nilimwuliza kama tuingie. Akakataa. Akaanza kuyataja mengine kama mtu anayehesabu marafiki waliotangulia: Odeon, Delite, Neeta. Jumapili, alisema, Wahindi walikuja na familia nzima, bibi kwa wajukuu. Roshani ilikuwa ya wenye nazo. Makarani wa reli walikaa mbele, shingo zimeinuka, na picha ikikatika walipiga miluzi mpaka fundi wa mashine akaiunga.

Wengi husema sinema za Kampala aliziua Amin. Mimi naona ni nusu ya habari. Ni kweli kwamba wenye majumba walifukuzwa, na kweli miaka iliyofuata watu waliogopa kuwa nje giza likiingia. Lakini Nairobi hakufukuzwa mtu kwa tangazo la siku tisini, na huko pia kuna majumba ya sinema yaliyogeuka makanisa. Televisheni ilikuja, kaseti za video zikaja, na jumba la mamia ya viti likawa mzigo. Jumuiya yenyewe ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, reli ikagawanywa, na Mjomba akarudi Busia na sanduku moja la bati.

Jioni tulifikia kwa binamu yangu, Katwe. Ni yeye aliyesema: "Mzee kama anataka sinema, sinema ipo hapo nyuma." Waganda wanaita kibanda, nasi tunaita kibanda; wakiwa wengi wao husema bibanda, sisi vibanda. Nje palikuwa na ubao wa chaki wenye ratiba ya mpira na picha. Kiingilio shilingi 500. Ndani mabenchi, blanketi dirishani, na joto la watu.

Ilikuwa picha ya risasi, ya Kichina nadhani. Ila sauti za wachezaji zilikuwa kwa mbali, na juu yao ilipanda sauti ya mwanamume mmoja akieleza kila kitu kwa Luganda, bila kupumua. Huyo ndiye wanayemwita viijei. Kina VJ Jingo wamekuwa mashuhuri nchini kwa kazi hiyo. Zamani walishika kipaza sauti kibandani, siku hizi sauti hurekodiwa kabisa juu ya picha. Huyu wa kwetu alimpa jambazi jina la Kiganda, akasema anadaiwa kodi ya nyumba Nateete. Kibanda kizima kikaanguka kicheko.

Mjomba alinishika mkono. Luganda yake imebaki kidogo, lakini ile haikuhitaji Luganda nyingi. "Huyu," akaninong'oneza, "ananiiga mimi."

Stelingi alikuwa amezingirwa ghalani, hana hata kisu, umeme ukakatika. Giza. Nilidhani miluzi italia, lakini vijana walitoa simu zao tu, nyuso zikawaka moja moja. Mjomba akamgeukia aliye karibu naye, akamwuliza kwa Kiswahili kama stelingi atakufa. Kijana alionekana kukasirishwa na swali hilo.

"Sitaringi tafa, muzeeyi."

"Hafi," Mjomba akasema, akatikisa kichwa. "Hata sasa hafi."

Jenereta ilikataa kuwaka, tukaondoka bila kuona mwisho. Kesho yake daktari alimpima, akampangia siku ya kurudi, na mchana tukawa tena barabarani. Tulipoingia Mabira giza lilikuwa limeshuka. Mjomba akaanza kunieleza jinsi yule stelingi alivyotoka ghalani. Alipita juu ya mabati, akaruka kwenye behewa la mizigo lililokuwa likipita. Nikamwambia hakukuwa na reli kwenye ile picha. Akaniambia ninyamaze, reli ilikuwamo, ni mimi niliyelala. Mwanamke aliyekuwa nyuma yetu akauliza, je, na yule msichana? Mzee akageuza shingo, akakohoa, akainua sauti kidogo ili na wa nyuma wasikie.