Fuko na gumba la ziada

Jana shambani Newala shemeji kamfukua fuko aliyetutafunia mihogo tuta zima. Nikamgeuza nitazame mikono. Kumbe vijikono tu! Huyu wetu anachimba kwa meno ya mbele, na midomo inafunga nyuma ya meno ili mchanga usiingie kinywani.

Fuko wa Ulaya, ambaye wala si ndugu yake wa karibu, ndiye fundi wa mikono: kiganja kama koleo, na pembeni gumba la ziada. Si kidole kamili, ni kifupa cha kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoungana na mkono, kilichorefuka. Akiwa tumboni mwa mama, jeni ya Sox9 huwaka pale gegedu, yaani mfupa ungali laini, litakapoota. Vidole vitano hutangulia, gumba hilo hufuata baadaye.

Bibi kauliza tu kama chumvi ipo. Kwake huyo ni samaki nchanga, yaani kitoweo cha mchangani.