Siku moja maishani mwangu: ng'ombe wangu hana mkia

Saa 11:40 alfajiri

Simu haijalia nami nimeshaamka, maana nimelala na hesabu isiyotimia. Ng'ombe wangu ana pingili, yaani mifupa ya mgongo, 7 za shingo, 13 za kifua, 6 za kiuno, na 5 zilizoshikana kuwa pande moja pale katikati ya nyonga. Mpaka hapo sawa. Za mkia zinatakiwa kati ya 18 na 20. Ninazo 2.

Mimi ni fundi wa maabara ya anatomia kwenye chuo kimoja hapa Morogoro, wanaposomea madaktari wa mifugo. Kazi yangu ni mifupa: kuisafisha, kuing'arisha, kisha kuiunga upya mpaka isimame kama mnyama. Wanafunzi wananiita Mama Mifupa. Mume wangu mwanzoni jina hilo lilimkera, siku hizi analitumia yeye mwenyewe akitaka chai.

Saa 1:10 asubuhi, machinjioni

Miezi miwili iliyopita tulinunua dume hapa, tukaomba lisipasuliwe. Kawaida mzoga hupasuliwa kwa shoka katikati ya mgongo, na kila pingili inagawanyika, nusu kulia nusu kushoto. Mfupa wa namna hiyo haunifai kitu.

Kijana aliyelichinja namkuta ananoa kisu.

"Shikamoo dada. Shoka si sikuligusa, kama ulivyosema?"

"Marahaba. Hukuligusa, nashukuru. Na mkia?"

Akasita. "Aah, mkia… mkia si unakwenda na watu wa supu, dada!"

Nimeshindwa kumkasirikia. Mkono wake umezoea kukata mkia kama wangu ulivyozoea kufunga mlango. Nikabaki kumtazama akitoa kichwa cha ng'ombe mwingine. Kidole gumba kikapapasa kisogoni, kikapata bonde, kisu kikazama bila kugonga mfupa. Mikato mitatu, kichwa kimeachia. Hapo ndipo fuvu linapokutana na pingili ya kwanza ya shingo, ile tunayoiita atlasi. Wanafunzi wangu watakuandikia jina hilo na asili yake, yule jitu wa hadithi za Wagiriki aliyetwishwa mbingu mabegani, lakini ukiwapa kisu watachokonoa mpaka adhuhuri. Mguu wa mbele nao aliubandua hivyo hivyo, nyama tupu. Ng'ombe hana mtulinga, ule mfupa unaounga bega na kidari. Miguu yake ya mbele imeshikiliwa na misuli tu, haigusani na mifupa ya kifua hata mahali pamoja.

Saa 3

Mapipa. Sitawaeleza harufu. Mifupa inakaa kwenye maji ya uvuguvugu wiki kadhaa, bakteria wanakula nyama iliyobaki, mimi nabadilisha maji. Ukiichemsha kwa pupa, mafuta yanazama ndani ya mfupa na hautoki njano maisha. Na msije mkathubutu dawa ya klorini ya kufulia nguo. Niliona fuvu zuri la mbuzi likigeuka chaki kwa sababu ya mtu mwenye haraka. Sabuni kwanza, itoe mafuta, halafu haidrojeni peroksaidi ndiyo ing'arishe.

Saa 4:15, vitendo mwaka wa kwanza

Mhadhiri anafundisha kwa Kiingereza na majina ya Kilatini. Akishatoka, maswali yanaletwa kwangu kwa Kiswahili. Leo nimekuja na muwa, nimeununua getini.

Nimewaambia washike. Kipande kilicho kati ya fundo na fundo kinaitwaje? Pingili. Basi mfupa mmoja wa mgongo nao ni pingili, na fundo ndiyo diski ya gegedu inayokaa kati ya pingili na pingili. Neno lilikuwepo kabla ya chuo chetu, sioni kwa nini mtu ahangaike kuunda jingine. Muwa lakini hauna tundu. Pingili ya mgongo ina upinde juu ya kiwiliwili chake, na ukizipanga zote, matundu ya zile pinde yanakuwa mfereji mmoja, ndimo unamopita uboho wa mgongo, ile kamba nyeupe ya mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo.

Hapo binti mmoja akauliza swali ambalo naulizwa kila mwaka. "Mama, sasa homa ya uti wa mgongo inaanzia kwenye pingili gani?"

Hakuna. Ugonjwa ule ni wa utando unaofunika ubongo na huo uboho, mifupa haihusiki. Tatizo ni letu wasemaji: "uti wa mgongo" tumeufanya mfupa, tumeufanya kamba iliyomo ndani, tukaupa na homa. Mimi darasani nasema "safu ya pingili" nikimaanisha mifupa. Ni ndefu kidogo, ila mtu hapotei.

Tukaendelea. Mifupa ya mhimili, ile ya katikati ya mwili, ni fuvu, pingili, mbavu na kidari. Fupanyonga si mojawapo, hata kama limegandana kiasi gani na sakramu, zile pingili 5 zilizoshikana; hilo ni la miguu. Nusu ya darasa walikuwa wameliweka upande wa mhimili, nikawafutisha. Mbavu za ng'ombe ni jozi 13, na 8 za mbele ndizo zinazofika kidarini zenyewe. Na nundu? Kijana mmoja alitafuta mfupa wa nundu robo saa nzima. Nilimwacha. Nundu ya zebu wetu ni msuli na mafuta, haina mfupa wake.

Kwenye atlasi nikawaambia watikise vichwa. Kukubali, kichwa juu na chini, ni fuvu likicheza juu ya atlasi. Kukataa, kushoto na kulia, ni atlasi ikizunguka kwenye jino la pingili ya pili, aksisi. Darasa zima likawa linakubali na kukataa kama mahakamani.

"Na twiga, mama? Ana ngapi shingoni?"

Saba, kama wewe. Kila moja tu hufikia robo mita. Hawakuamini, wakafungua simu. Nikawaongezea na yule dinosaria mrefu wa Tendaguru kule Lindi, aliyechimbuliwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Shingo yake ina pingili 13, na amesimama Berlin, kimo zaidi ya mita 13. Kuna aliyeuliza kwa nini hajarudishwa. Nikamwambia hilo si swali la vitendo, ingawa jibu langu ninalo.

Saa 7

Wali maharage, nimesimama.

Saa 8:30 mchana

Kazi niipendayo. Nondo nyembamba nimeipinda kufuata mgongo, naipitisha kwenye mfereji wa pingili, moja baada ya moja, kila moja ina namba niliyoiandika kwa wino. Diski zimeoza mapipani pamoja na nyama, kwa hiyo ukizibananisha pingili mfupa kwa mfupa, mnyama anatoka mfupi. Kwa binadamu diski ni kama robo ya urefu wa safu nzima, si kitu cha kupuuza. Mimi nakata ndala kuukuu. Nyayo za ndala zina unene unaofaa na zinabonyea vizuri. Ukimwinamia dume huyu ubavuni utaona michirizi ya buluu kati ya mfupa na mfupa, na hapa kiunoni kuna ya pinki, buluu iliisha.

Kufika saa 10 amesimama, shingo mpaka sakramu, mbavu bado chini zimepangwa kwenye gunia. Nyuma ncha ya nondo imechomoza, tupu, na vile vipande viwili.

Saa 12:30 jioni

Nikapita kwa mama lishe wa karibu na stendi, nikaagiza supu ya mkia. Nimekula polepole, kila pingili naisugua kwa kijiko, naipanga mezani kutoka nene kwenda nyembamba. Zile nene za mwanzo bado zina upinde na tundu. Huku mwisho ni vijiti tu.

"Mama Mifupa, mbona unaipanga kama karata?"

"Nahesabu, mama. Ziko tano. Mkia mmoja hauwezi kuenea kwenye bakuli moja, au siyo? Nyingine umewapa nani?"

Akageuza macho meza ya pili. Dereva wa bodaboda, kofia ngumu iko pajani, amefumba macho, ananyonya mfupa.

"Ngoja amalize," akaninong'oneza.