Windows XP ya shangazi ndani ya laptopu yangu

Kompyuta ya duka la pembejeo la shangazi, kule Kilosa, ilizimika Machi ikakataa kuwaka tena. Diski ilikuwa nzima. Ndani yake kuna programu ya stoo aliyoandikiwa na kijana mmoja zamani: mifuko ya mbolea, makopo ya dawa, na madeni ya wakulima wanaolipa baada ya mavuno. Programu hiyo inakubali Windows XP tu.

Laptopu yangu ni ya mtumba, ramu GB 8, mfumo wake Debian, aina ya Linux. Nikaweka VirtualBox, programu inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi. Nikatengeneza ya kwanza, ikagoma: VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, imezimwa. Prosesa inaiweza kazi hiyo, ila ilikuwa imefungwa. Nikaingia BIOS, mipangilio inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, sehemu ya Security, nikaiwasha. Ukikwama hapo, usihangaike kupakua programu upya.

Kisha XP yenyewe. Kila nikiiweka inaniambia haioni diski yoyote. Usiku mzima! Kumbe nilikuwa nimeiunganishia diski pepe kwa SATA, njia mpya ya kuunganisha diski, kama nilivyozoea, na XP haina dereva wake, yaani programu ya kuitambua. Nikahamishia IDE, njia ya zamani, ikaendelea bila neno. Kilima cha kijani, ile picha ya XP, kilipotokea kwenye skrini, shangazi alinishika bega: "Mwanangu, ndiyo hii hii."

Sasa mashine pepe zipo tatu. XP nimeipa ramu MB 512, inamtosha. Windows 10 ya kazi zangu za ofisini ina GB 3, na FreeBSD, mfumo mwingine ninaojifunzia, GB 1. Zote zikiwaka kwa pamoja Debian inabaki na kama GB 3 na nusu, basi kivinjari nakifunga. Diski haibani hivyo, kwa kuwa faili la diski pepe hukua kadiri unavyolijaza.

Kadi ya mtandao ya XP nimeiondoa kabisa. Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014, na humo mna majina ya watu na wanachodaiwa. Sitaki vikutane na intaneti.

Kabla ya kufunga hesabu za mwezi huchukua snapshoti, kumbukumbu ya mashine pepe ilivyo wakati huo. Mwezi wa Juni programu ilivuruga faili lake katikati ya hesabu. Nikairudisha mashine ilivyokuwa asubuhi, tukapoteza saa mbili za kuandika tu. Lakini snapshoti si nakala ya akiba, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu watu wengi wanalichanganya. Inategemea diski ile ile pepe. Laptopu ikiibiwa, vyote vimekwenda. Kwa hiyo kila Jumamosi tunaizima XP, nanakili folda yake nzima kwenye diski ya nje, na shangazi anaifungia kabatini pamoja na daftari la risiti.