Kabla jua halijazama, Kaniki awe ndani

Kama una paka anayetoka nje naomba leo umkalishe mapajani uangalie kucha zake, uzijue zikiwa nzima zinafananaje. Mimi sikuwa nazijua. Usiku ule Kaniki aliporudi anajikokota akaenda kujibanza chini ya kitanda nilidhani kapigana na paka mwenzie, maana hakuwa na damu, manyoya tu yamejaa vumbi na upande mmoja kama grisi hivi, nilipomgusa karibu na mkia akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia toka nimfuge. Nikambeba mbio kwa daktari. Daktari wala hakuanza na hapo palipokuwa panauma, alishika mguu wa mbele akambinya kidole taratibu kucha ikachomoza, akaniambia njoo uone. Ncha zote zilikuwa zimechanika, zimekuwa nyuzinyuzi kama mswaki uliochoka. Akasema huyu kagongwa na gari, paka akisukumwa au akiburuzwa anatoa kucha zote kujishikilia kwenye lami, na lami inazisaga.

Yaani alikuwa anajishikilia. Hiyo ndo ilinimaliza kabisa, kuliko hata picha za eksirei zilizoonyesha mfupa wa nyonga umevunjika sehemu mbili.

Alikaa kwenye keji wiki sita, hakuna kuruka hakuna kupanda, mifupa ya nyonga kwa paka mara nyingi inajiunga yenyewe akitulizwa. Sasa hivi anatembea, anachechemea kidogo kukiwa na baridi. Lakini nilipata wiki sita za kukaa naye sakafuni na kuwaza, na nilichogundua ni kwamba miaka yote nilikuwa nasubiri paka ajifunze barabara. Hajifunzi jamani. Tunasema mtu mgumu kufa ana roho ya paka mpaka tumeamini kweli paka anajua kujiokoa popote, na mbele ya mbwa ni kweli anajua, ila gari ni kitu kingine kabisa. Paka akishtuka kitu cha kwanza anachofanya ni kuganda, atulie asionekane, halafu ndo achomoke kwa mbio za ghafla. Mbele ya mbwa hiyo inamsaidia, mbele ya gari ndo inamuua, anaganda katikati ya njia halafu anachomoka sekunde ileile dereva anapojaribu kumkwepa.

Na macho yake pia. Paka anaona kwenye mwanga mdogo mara sita hivi kuliko sisi, mboni inafunguka yote, na nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga, ndo maana usiku unaona vile vidoto viwili vinawaka. Sasa jicho lililofunguka namna hiyo likipigwa na taa za full haoni kitu, ni kama wewe utolewe chumba chenye giza umulikwe tochi usoni. Masikio ndo yanamsaidia zaidi, anasikia sauti nyembamba hadi hezi 64,000 wakati sisi mwisho wetu ni 20,000, lakini magari ya umeme kwa mwendo mdogo hayana mlio wa maana. Ulaya toka Julai 2021 kila gari jipya la umeme lazima liwe na kifaa cha kutoa sauti likienda taratibu. Waliwafikiria wasioona na watembea kwa miguu, ila mimi naamini na paka wamepata nafuu hapo.

Sasa kuhusu saa. Watu wengi wanaamini paka ni mnyama wa usiku wa manane, hapana, kilele chake ni alfajiri na jua linapozama, coz ndo muda panya na ndege wanahangaika. Na ndo muda huohuo watu wanaenda kazini na kurudi, wamechoka, mwanga ni ule wa kijivu usioeleweka, wengine hata taa hawajawasha. Vitu viwili vibaya vinakutana muda mmoja. Kaniki ni mweusi tii kama jina lake, na aligongwa muda huohuo.

Kwahiyo kitu cha kwanza nilichobadilisha ni chakula. Zamani bakuli lilikuwa linakaa na chakula siku nzima, anakula akijisikia, maana yake hakuwa na sababu yoyote ya kurudi. Sasa chakula kikubwa cha siku kinatoka mara moja tu, nusu saa kabla jua halijazama, natikisa kopo, akiingia nafunga mlango mpaka kesho kumepambazuka sawasawa. Siku za mwanzo alilia sana mlangoni usiku, anakwaruza, anazunguka, na nakuambia ukweli nilitamani kumfungulia. Usifungue. Ukifungua mara moja amejua kulia kunalipa. Cheza naye kabla ya kula, kamba yenye manyoya dakika 10 au 15 afukuze mpaka ahemee, halafu ale, baada ya hapo mwili wenyewe unataka kujilamba na kulala, ndo mpangilio wao wa asili huo, kuwinda, kula, kujisafisha, kulala. Wangu alizoea kama siku 10 hivi. Na usimuite kwa kopo siku unayotaka kumfungia tu, muite hata mchana mpe kidogo kisha mwachie atoke tena, asije akahusisha kopo na kufungwa.

Kuhasi. Hapa sina maneno mengi, dume ambaye hajahasiwa anavuka barabara usiku kufuata harufu ya jike na hakuna chakula wala kopo litakalomrudisha, na jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu. Paka wadogo waliotoka kuwa vitoto ndo wanaogongwa sana kuliko wazee, wana mbio lakini hawana akili ya mazingira bado. Ukileta paka mpya kaa naye ndani wiki tatu nne kwanza ajue pale ndo nyumbani, ukimwachia haraka atatangatanga kutafuta alikotoka.

Kola yenye kung'aa inasaidia, hasa kwa mweusi, lakini tafadhali iwe ile inayofunguka yenyewe ikinaswa maana ya mkanda wa kawaida inaweza kumnyonga kwenye tawi. Ila usiiamini kupita kiasi, kola inamsaidia dereva anayeangalia na anayeenda taratibu, wa mbio anaiona ikiwa tayari chini ya bampa. Chipu mimi naipenda zaidi, haizuii kugongwa ila inazuia lile jambo baya la kutafuta paka miezi bila kujua alishaokotwa. Ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, ina namba ya tarakimu 15 inayosomwa kwa mashine, inachomwa chini ya ngozi kati ya mabega. Uingereza wameifanya lazima kwa upande wa England kuanzia tarehe 10 Juni 2024, kila paka wa nyumbani akifikisha wiki 20 awe nayo. Lakini hukohuko sheria ya mwaka 1988 inamlazimu dereva asimame akigonga mbwa, farasi, ng'ombe, punda, kondoo, nguruwe hata mbuzi, paka hayumo kwenye orodha. Nilipojua hilo nilikasirika kweli, mpaka leo naona sio sawa.

Na kabla hujawasha gari asubuhi ya baridi gonga boneti mara mbili. Injini iliyolala na joto kwa paka ni kitanda.

Akigongwa je? Nilikosea vitu nilipomtoa Kaniki chini ya kitanda, nilimvuta kwa kumkunja. Usimkunje, sogeza ubao au taulo zito chini yake umbebe kama alivyolala, mfunike kichwa kidogo asione vurugu, na ujue kwamba paka wako mpole atakung'ata kwa maumivu, sio yeye. Inua mdomo wake uangalie fizi. Zikiwa nyeupe au anahemea mdomo wazi hiyo ni dharura ya dakika sio ya kesho asubuhi. Na kitu ambacho nakuomba ukishike kuliko vyote, usimpe dawa yako ya maumivu, parasetamo kidonge kimoja kinatosha kumuua paka, ini lake haliwezi kuivunja. Hata akionekana mzima mpeleke, kibofu kinaweza kupasuka au kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kikachanika na nje huoni hata mchubuko. Wengi wakigongwa wanakimbia kujificha, kwahiyo usikate tamaa kumtafuta kwenye vichaka na chini ya magari ya karibu, tafuta kimyakimya na tochi ukiangalia macho.

Ilikuwa katika kutafuta namna hiyo, nasaidia jirani ambaye paka wake hajarudi, ndo nikaanza kuona wengine. Unajua ukipita barabara hiyohiyo kila siku ndani ya gari huoni, ukiipita kwa miguu na tochi unaona. Vyura waliobandikwa na tairi kama majani makavu. Kalunguyeye. Bundi mmoja, bawa bado linapepea gari zikipita. Nilikuwa nahangaika na paka mmoja mwenye jina wakati barabara ileile, saa zilezile, inamaliza wasio na jina.

Na wengi wanaitwa pale na sisi wenyewe. Mtu anatupa mabaki ya chakula dirishani akidhani yataoza ni mbolea, panya wanafuata, bundi anafuata panya na bundi anawinda akiruka chini sana, usawa uleule wa kioo cha gari. Kisha bundi akifa kunguru, mwewe na nguchiro wanakuja kumla, na wao wanagongwa juu ya mzoga. Kwahiyo nikikuta mzoga na barabara ni tupu kabisa, narudia, tupu kabisa, nauvuta kwa sepeto mpaka mbali na lami, na glavu mkononi. Australia wanafundishana kuangalia mfuko wa kangaruu jike aliyegongwa kwasababu mtoto anaweza kuwa hai ndani. Hata huku kwingine, ukikuta mama amekufa angalia kandokando kwanza.

Kuna sehemu wamejenga vitu vya maana. Diani pwani ya Kenya wamefunga ngazi za kamba juu ya barabara, mbega na kima wanavuka juu kwa juu magari yanapita chini. Banff, Kanada, wana madaraja ya wanyama yaliyooteshwa miti pamoja na njia za chini ya barabara, na uzio unaowaelekeza huko, ajali za wanyama zikapungua kwa zaidi ya asilimia 80. Sisi watu wa kawaida hatujengi madaraja, ila tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya uzio tunaweza, kalunguyeye anapita kutoka uwanja huu hadi ule bila kuzunguka kupitia barabarani. Nimetoboa langu, jirani katoboa lake. (Paka mwembamba pia anapita hapo, lakini usiku yuko ndani, si ndo nimesema.)

Kwa sisi tunaoendesha ni spidi tu, mengine ni nyongeza. Kwa kanuni za Uingereza gari iliyo kilomita 48 kwa saa inahitaji mita 23 toka unapoona kitu mpaka usimame, ukishusha hadi 32 ni mita 12. Hiyo ni lami kavu na dereva aliye macho. Mita 11 hizo za tofauti ndo Kaniki alikuwa ndani yake. Ukiona vidoto viwili vinawaka mbele punguza, shusha taa za full ili aone pa kwenda, usikate usukani kwa nguvu ukaua watu. Akishavuka mmoja usikanyage mafuta hapohapo, wengi wana watoto nyuma yao.

Siku hizi kwenye buti nina taulo zito, boksi la katoni lenye matundu, glavu, tochi na namba ya daktari anayepokea usiku. Wiki iliyopita nilivitoa. Kalunguyeye katikati ya njia, kajikunja duara, hiyo ndo silaha yake dhidi ya kila kitu duniani kasoro tairi. Niliwasha taa za hazadi, nikahakikisha hakuna kinachokuja, nikamzungushia taulo nikamnyanyua. Mzito kuliko nilivyotegemea. Kupitia kitambaa miiba ilikuwa inapanda na kushuka, anahema haraka haraka. Nilimpeleka upande aliokuwa anaelekea, usimrudishe alikotoka maana atageuka avuke tena, hata kobe ni hivyohivyo. Nikamweka kwenye majani, nikazima tochi nikasimama mbali kidogo. Dakika tano nzima hakuna kitu. Halafu pua ikatoka, ikanusa, na miguu ikafuata, akaingia kichakani akiburuza majani kwa kelele kubwa kweli kwa mnyama mdogo vile.

Niliporudi nyumbani Kaniki alikuwa amelala ndani ya boksi lake, kopo tupu pembeni, kucha zimeota zote.