Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi: bia ndani ya bustani ya mji, ya nani na kwa nani

Likasi mpaka Lubumbashi, huku kwetu Kongo, ni kama kilomita 120 hivi, lami ipo, na malori ya shaba yasipokupanga nyuma yao unafika asubuhi kabisa. Siku ile yalitupanga. Tulitoka kungali giza, mi na mama mukubwa na watoto wa dada yangu, tunaenda ndoa ya kijana wetu, na ilikuwa mwezi wa kumi, ile joto ya kabla ya mvua, vumbi mpaka ndani ya masikio. Pale Lwisha bisi ikasimama kabisa, kando ya barabara magunia ya makala yamepangwa, wamama wanauza maji na mandazi dirishani, mbele yetu malori tu, huoni mwisho.

Sasa kijana mmoja wa kiti cha nyuma akafungua bia. Moja tu, hakupiga kelele, hakusumbua mtu. Lakini mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamwambia hapa ni mahali pa watu wote, bia kunywa kwako, na hapo hapo bisi yote ikaamka. Mwingine akasema mbona hata bustani za mji siku hizi wanauza, mwingine akasema ndio maana siendi tena na watoto, shoferi akapunguza muziki ili asikie vizuri. Na muzee mmoja aliyekaa mbele yangu, kofia kichwani, fimbo kati ya magoti, akageuka pole pole.

"Papa yangu alikuwa anatumika ku Union Minière," akasema. "Bazungu balitukataza pombe ya nguvu, balitukataza kutembea mu mji yabo na usiku. Sa weye mutoto wa juzi unataka kutukataza tena?"

Kimya. Hata yule mama wa mtoto hakujibu. Union Minière ndiyo ilikuwa kampuni ya Wabeleji ya kuchimba shaba. Na muzee hakusema uongo: wakati wa Wabeleji pombe kali ilikuwa ya mzungu, mtu mweusi akikutwa nayo ni kesi. Na Lubumbashi yenyewe, wakati ingali Élisabethville, ilikatwa vipande viwili, mji wa wazungu huku, sité ya weusi kule, katikati eneo tupu la mamia ya mita ambalo hawakutaka mtu ajenge. Usiku ukiingia uwe umerudi upande wako. Kwa hiyo mtu wa umri ule akisikia neno kukataza, na bustani ya katikati ya mji, anasikia kitu ambacho mi nimesoma tu, yeye kilimkuta nyumbani kwao. Nikamwambia, "Papa, sisemi batu basikunywe. Ninauliza batakunywa wapi na nani atauzisha." Akaniangalia tu, malori yakasogea, na maneno yakabaki hapo.

Ndoa ilipita vizuri, sitaeleza kanisa, mnajua kanisa. Baada ya kanisa ni msururu wa magari, honi, maua kwenye vioo, na kama kawaida ya Lubumbashi, maharusi lazima wapelekwe mahali penye majani wapigwe foto. Tukaenda bustani moja si mbali na katikati ya mji, jina silitaji. Mi niliijua hiyo bustani toka utoto wangu. Kulikuwa na viti vya simenti chini ya miti ya jakaranda, mtu anakuja na chikwangi yake, ule mkate wa muhogo, na karanga zake anakaa mpaka jioni, hakuna wa kumuuliza kitu. Wanafunzi walikuwa wanasomea pale wakati umeme umekatika kwao.

Viti vya simenti havipo. Vimevunjwa vyote. Kuna viti vya plastiki vyenye rangi na alama ya bia, parasoli zenye alama ile ile, baa ya mbao imejengwa palipokuwa maua, na spika mbili kubwa zimefungwa juu ya mti kwa waya. Maua ya jakaranda yanaanguka juu ya meza, ndani ya bilauri za watu. Bibi harusi alipiga foto akiwa amesimama kati ya meza mbili, na nyuma yake unaona kabisa kreti za chupa zimepangwa mpaka juu. Foto hiyo ipo, wameiweka ukutani sebuleni.

Mama mukubwa magoti yake hayamruhusu kusimama muda mrefu, akavuta kiti akakaa. Hapo hapo akaja msichana anayehudumia.

"Mama, munakunywa nini?"

"Mi sikunywe, mwanangu. Ninapumuzisha miguu tu."

"Pole, mama. Lakini pa kuikala apa ni kwa bale benye kununua."

Hakusema kwa ubaya. Aliona aibu, niliona alivyoangalia pembeni. Mama mukubwa akasimama bila neno, mwanamke wa miaka yake, na kitambaa chake kizuri cha ndoa, akaenda kujiegemeza kwenye gari. Mi nikaagiza soda mbili nisizotaka ili arudi akae. Akakataa. Akasema hawezi kukodi kivuli cha mti uliopandwa kabla yeye hajazaliwa.

Sasa watoto. Mdogo alitaka kukojoa, choo kina kufuli, funguo iko baa, na baa wanampa aliyeagiza. Sawa, soda zangu zikatusaidia hapo. Lakini mwenzake, ana miaka minne huyo, alikuwa anacheza chini ya maua ya kando ya ukuta, nikaenda kumwangalia anacheza na nini. Chupa ndogo za plastiki, zile za whisky ya bei ya chini zinazoingia ndani ya mfuko wa shati. Alikuwa amezikusanya zimejaa sketi yake, anaweka mchanga ndani, anafunga kifuniko, anapanga. Moja ilikuwa na tone la whisky chini bado, ameifungua anainusa. Nilimpokonya zote na alilia sana, kwake zilikuwa michezo.

Hilo la chupa ndogo wala halihitaji mjadala mrefu, majirani walishalifanya. Zambia, hapo tu ng'ambo ya Kasumbalesa, walipiga marufuku tujilijili mwaka 2012, zile paketi za pombe kali. Tanzania nao walifunga viroba tarehe 1 Machi 2017. Sababu kila mahali ni ile ile, ni rahisi mno, ni ndogo mno, mwanafunzi anaificha ndani ya daftari, na ikiisha inatupwa hapo hapo. Bia ya chupa kubwa angalau ina vidange, chupa tupu ina pesa yake, hakuna mtu anaiacha chini, na akiiacha kuna mtoto ataiokota airudishe apate franga. Plastiki ndogo haina mwenyewe.

Nilirudi kwa yule msichana kulipa, nikamuuliza kazi inaendaje. Akaniambia ana watoto, mume alikuwa anachimba kisha akaumia mgodini, na hii terasi, hii baa ya nje, ndiyo inayowalisha. "Yaya, bakifunga apa, mi nitaenda wapi?" Sikuwa na jibu zuri na sitajifanya nilikuwa nalo. Ni kweli kwamba terasi inaleta kazi, na ni kweli pia kwamba mahali penye watu na taa usiku pana usalama kuliko mahali pa giza, wanawake wa mtaa ule waliniambia hivyo wenyewe, kwamba zamani jioni hawakuweza kupita. Hayo nayabeba. Lakini kazi hiyo hiyo ingefanyika ng'ambo ya barabara, ndani ya parseli, kiwanja cha mtu aliyelipa kodi ya nyumba, si juu ya kiti cha mama mukubwa.

Jioni, karamuni, nikakaa na binamu yetu anayeishi Toronto, kule Kanada, alikuja kwa ajili ya ndoa. Nikamweleza, akacheka kwanza kisha akasema kwao wamelibishana sana jambo hili. Zamani kunywa ndani ya bustani ya mji kule ilikuwa ni amande, unalipa faini. Halafu mwaka 2023 mji ukajaribu, kuanzia tarehe 2 Agosti mpaka 9 Oktoba, bustani 27 tu, mtu wa miaka 19 na zaidi anaruhusiwa kuja na kinywaji chake. Mwaka uliofuata wakaifanya ya kudumu. Hoja moja iliyowasukuma, akasema, ni watu wanaoishi ndani ya maghorofa, mwenye nyumba yenye uwanja nyuma anakunywa bia yake kwenye majani bila shida, asiye na uwanja anapigwa faini kwa bia ile ile.

Nikamuuliza, sasa baa wanaiweka upande gani wa bustani? Akanishangaa. Baa gani? Mtu anakuja na yake ndani ya mfuko, anakaa kwenye majani, anakunywa, anaondoka na takataka yake. Na bustani zenyewe walizichagua zile zenye choo na maji ya kunywa, na karibu na michezo ya watoto hairuhusiwi.

Toka pale sikulala vizuri, kwasababu niliona kumbe sisi na wao tunatumia maneno mamoja kusema vitu viwili tofauti. Wao wakisema ruhusu pombe bustanini ni raia anaongezewa haki, anakaa bure kama zamani na bia yake juu. Kwetu tukisema ruhusu ni mtu mmoja amepewa karatasi ofisini, anazungusha uzio, anafunga spika, na raia wengine wote wamepunguziwa. Mnywaji si adui hapa. Yule kijana wa kwenye bisi na bia yake moja hakumfukuza mtu kwenye kiti.

Jumapili tulitembea kwa miguu kutoka Kamalondo kwa mjomba, polepole kwasababu ya magoti ya mama mukubwa. Kamalondo ndiyo sité ya kwanza, ndipo weusi walipowekwa, na sasa uwanja wa timu ya mpira ya Mazembe uko huko huko, siku ya mechi hupiti. Kwenye parseli ya mjomba kulikuwa na ndoo ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi yake, imelala usiku mmoja, tamu, wakubwa na watoto wote wanakunywa bakuli moja. Ikilala zaidi inaanza kupanda kichwa, kila mtu anajua, watoto wanaondolewa. Mama anayeiuza amekaa kona ya avenyu na ndoo yake na kikombe chake, amesomesha watoto wake wote kwa ndoo hiyo.

Nilikuwa namwangalia nikawaza, sheria ya kukataza ikija mbio mbio, pombe marufuku mahali pa watu wote, basi, nukta, nani atakamatwa wa kwanza? Si mwenye spika, yeye ana karatasi na ana rafiki. Ni huyu mama wa munkoyo, atamwagiwa ndoo au atatoa kitu kidogo kila asubuhi ili aachwe. Kwa hiyo nawaambia wenzangu wa kanisa, na nimewaambia uso kwa uso, kukataza kila kitu hakutatulinda, kutawapa tu watu fulani mahali pengine pa kula. Muzee wa kofia alikuwa na haki yake hapo.

Kitu ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Mtu alete kinywaji chake, akinywe amekaa, arudi na chupa yake. Kuuza, hapana. Spika, hapana. Vile vichupa vya plastiki vya whisky, hapana hata nje ya bustani. Upande wa watoto uachwe wa watoto. Na mwenye terasi aliye tayari ndani, apewe muda wa kuhama na wafanyakazi wake, asifukuzwe usiku mmoja, kwasababu yule msichana hakuandika mkataba wowote.

Kurudi, bisi ilikuwa tupu nusu na malori machache, watoto walilala mpaka peaje, pale pa kulipia barabara. Mama mukubwa hakulala. Karibu na Likasi akaniuliza kama najua kile kiwanja chenye miembe karibu na kanisa lake, nikasema nakijua, akasema watu wanasema kuna bwana anakitaka kwa terasi, ameshaonekana anapima na kamba.

Ameshaongea na wamama wenzake. Wanaenda ofisi ya komini juma hili, wameniomba niwaandikie barua nami nimeandika, ukurasa mmoja tu. Tumeomba kiwanja kisipewe mtu yeyote wa kuuza, viti vya simenti vitengenezwe pale vilipopasuka, choo kijengwe na funguo isikae baa, na mtu mzima akija pale jioni na bia yake moja asisumbuliwe na mtu yeyote mwenye uniforme. Wamama wawili walikataa hilo la mwisho, tukabishana sana sebuleni kwa mama mukubwa, mmoja akatia sahihi, mwingine bado.