Kwani hamkujipanga?

Usingizi umegoma. Ni maneno mawili tu ya wifi, na tangu Jumamosi yananilia sikioni kama mbu.

Alikuja na mfuko wa nguo, akautua mlangoni, akatazama tumbo langu, akasema: "Kwani wifi, hamkujipanga?" Hakukunja uso, wala hakucheka. Nami nikajibu, "Tumejipanga, wifi," kwa sauti ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Tangu hapo nimeshamjibu mara mia: bafuni, kitandani, kwenye foleni ya kupimwa presha. Majibu makali, majibu ya kistaarabu. Yote mazuri, na mwenyewe hayupo.

Inayoniuma hasa ni hiyo "kwani". Angeuliza tu "mmejipanga?" ningemkaribisha akae. "Kwani" imeshahukumu kabla hujafungua mdomo.

Wiki hii mwenzangu kapunguziwa siku za kazi, mama mkwe katoka hospitali, na mimi bado nimeshikilia neno moja.

Maana daftari ninalo! Leo ni wiki ya 31, zimebaki tisa iwapo mgeni wetu ataifuata kalenda. Mtoto mchanga humaliza nepi kama 10 kwa siku. Kwa mwezi ni 300. Nilipoandika hiyo 300 nililifunga daftari nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Siku ya pili nikakata vitambaa, dazeni mbili, nitafua siku moja nipumzike moja. Za kununua zitakuwa za usiku na za kutokea. Maziwa ni yangu mwenyewe, miezi sita ya kwanza hahitaji hata maji. Kitanda cha mito na mapambo nimekifuta: mtoto hulazwa chali, godoro gumu, bila mto. Katika kanuni zote za malezi, ni hiyo tu niijuayo inayopunguza gharama. Mstari mmoja hauguswi, hata mwenzangu akinung'unika: akiba ya kujifungua, endapo itabidi upasuaji. Kila wiki lazima kitu kiingie, hata kiwe kidogo cha kuchekesha.

Sasa huko si kujipanga?

Jana usiku nikaufungua ule mfuko, nakiri, nikitafuta kasoro. Doa, kifungo kilichong'oka, chochote cha kumsema. Nguo zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa, ndogo juu, kubwa chini. Katikati nikakuta kisweta cha kijani chenye kifungo kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Uzi wangu huo. Nilikishona usiku mmoja Mkubwa akiwa na wiki tatu, sikuwa na rangi nyingine. Tulipoamua kwamba mmoja anatosha (mnakumbuka nilivyoapa hapa) tuligawa kila kitu, na kumbe fungu zima lilikwenda kwa wifi.

Nilicheka mpaka mwenzangu akaamka. Nikamwonyesha kile kisweta, akasema, "Si nguo zetu hizi?" akageuka ukutani. Basi wifi alikuwa akiuliza nini pale mlangoni? Pengine alishangaa tu kwamba hatukubakiza hata soksi. Nimekianika kisweta dirishani ingawa ni kikavu.

Mkubwa naye siku ya tatu hii anarudi shuleni, anavua viatu, anaingia chumbani moja kwa moja. Nikimuuliza kama rafiki yake hajambo, anasema hamjui mtu huyo.